Sanduku la Kijani la Pir Chambeli

Meneja mstaafu wa benki, bwana mwenye kitambi cha heshima na suti ya vipande vitatu, alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa Hoteli ya Gulnar akivua viatu. Alivua cha kulia, akavua cha kushoto, akaviegemeza kwa adabu kwenye ukuta ambao haukuwepo. Kisha akainamisha kichwa ili asijigonge kwenye mlango ambao nao haukuwepo, akatembea kidogo huku mikono ikipapasa mbele, akasimama. Usoni alikuwa amefungwa lile dude jeusi wanaloliita miwani, ingawa ukubwa wake ni wa sufuria ya kuchemshia maziwa. Akatia mkono mfukoni, akatoa noti nyekundu ya rupia mia, akaigusisha kwenye paji la uso, akaiachia.

Noti ikayumba hewani, ikatua kwenye zulia. Hakuna aliyeijali. Wataalamu waliomzunguka yule bwana walikuwa wakitazama skrini ya kompyuta na kutikisa vichwa kwa furaha. Kiatu kimoja tu kilisogea ukumbini, kikasogea polepole bila papara, kikakaa juu ya ile noti. Kilikuwa kiatu cha Allah Wasaya.

Wasaya hakuwa mjumbe wa kongamano. Kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake kilikuwa cha profesa mmoja wa Tashkent ambaye hakufika, na Wasaya aliona si vizuri jina la mtu msomi kama yule likae mezani bila mtu wa kulivaa. Yeye alikuwa amekuja kuwauzia wageni sarafu za kale za wafalme wa Multan, zilizotengenezwa na fundi mabomba mmoja nyuma ya bazaa. Tena naomba msimcheke. Sarafu hizo alikuwa ameuziwa yeye kwanza, kwa bei ya dhahabu, na mjanja mwenzake aliyeapa mpaka jasho likamtoka. Bingwa wa kuwatia watu mkenge alikuwa ametiwa mkenge.

Na dhahabu yenyewe iliyolipa haikuwa yake. Ilikuwa hereni za mkewe, Bakhtawar, ambaye sote mtaani tunamwita Bakhto. Wasaya alizichukua kwenye kisanduku chake akasema anazipeleka kwa sonara zikasuguliwe zing'ae. Kwa sonara kweli alizipeleka, ila aliziweka rehani. Sasa Jumamosi mdogo wake Bakhto alikuwa anaoa, hereni zilikuwa bado "zinasuguliwa", na sonara, Haji Lal Din, alikuwa ametoa neno la mwisho: kama Wasaya hakuja na pesa kabla ya sala ya Ijumaa, hereni zinaingia kwenye tanuri na kutoka zikiwa pete ya mteja wa Bahawalpur. Kongamano lilikuwa linafungwa Alhamisi.

Ndiyo maana Wasaya aliitazama ile noti chini ya kiatu chake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya kuajiriwa.

Kuhusu kongamano lenyewe nisiwachoshe. Bango lilitoka darini mpaka sakafuni: Kongamano la Kimataifa la Utafiti wa Uhalisia Pepe. Walikuja watu kutoka Seoul, Vienna, Colombo na Samarkandi, waliosoma mpaka macho yakachoka, nao walipanda jukwaani mmoja mmoja wakaeleza, kwa michoro, jinsi mtu anavyoweza kudanganywa akaona kitu kisichokuwepo na akakiamini. Wasaya alisikiliza hotuba moja nzima. Alishangaa sana kujua kuna watu wanalipwa mshahara kwa kazi ambayo yeye polisi humkimbiza nayo.

Mwenyeji wao alikuwa Dokta Farkhanda, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, mzaliwa wa hapa hapa Multan. Yeye ndiye aliyetia ndani ya mashine ziara ya Pir Chambeli, ndiyo kaburi lenye kuba la walii wetu wa upande wa mashariki ya mji. Ziara ya kweli ilikuwa imefungwa tangu baridi kwa sababu kuba ilipata ufa na mafundi walikuwa wanaitengeneza kwa mwendo wa mafundi. Lakini ukivaa miwani ya Dokta Farkhanda ulijikuta uani: vigae vya buluu, njiwa, kaburi lenye shuka la kijani, na kulia kwa mlango, sanduku la sadaka. Kwa hiyo watu wa Multan wakiivaa walifanya lile ambalo mama zao waliwafundisha. Walivua viatu. Na walipofika kwenye sanduku, walitoa.

Wasaya alimsogelea Dokta Farkhanda, akasimama mbali kwa heshima, akafuta jicho ambalo halikuwa na kitu.

"Assalamu alaikum, Daktari Sahiba. Nimelia."

"Waalaikum salamu. Umelia kwa nini, kaka?"

"Nimeiona kuba yetu pale kwenye skrini. Babu yangu alifagia ule ua mpaka ufagio ukaisha akabaki na mti mkononi."

Babu yake Wasaya, Mungu amrehemu, hakufagia hata mlango wake mwenyewe.

"Umeingia ndani? Umeivaa?" Dokta Farkhanda alimnyooshea miwani.

Wasaya akarudi nyuma. "Sithubutu. Sina udhu."

Kweli ni kwamba mtu wa kazi yake hafumbi macho mbele za watu kwa sababu yoyote ile. Lakini jibu hilo lilimwingia Dokta Farkhanda moyoni moja kwa moja. Akavuta kiti, akaanza kumweleza Wasaya mambo aliyokuwa ameyabeba tangu asubuhi.

"Ungejua unavyonifariji! Hawa wajumbe wanavaa, wananiuliza nimetumia programu gani, wanakwenda kula pilau. Mimi nataka watu wa kawaida. Watu wanaompenda Pir. Alhamisi nitapanda jukwaani mbele ya dunia nzima kusoma matokeo, na nilionao ni meneja mstaafu na shemeji zake."

"Nitakuletea watu."

"Wengi?"

"Daktari Sahiba, mji mzima umekaa na nadhiri ambazo haujazitimiza tangu kuba ifungwe. Wewe nifungulie mlango wa jikoni tu."

"Na malipo yako?"

"Malipo!" Wasaya alishika masikio yake mawili. "Astaghfirullah. Kwa Pir Chambeli nichukue malipo?" Akatulia kidogo, kwa maana hapo ndipo penye kazi. "Labda sanduku."

"Sanduku gani?"

"La sadaka. Ndani ya miwani lipo, lakini mtu akinyoosha mkono anagusa hewa, na imani inakatika papo hapo. Nimemwona yule bwana wa benki, alitetemeka. Sasa fikiria liwepo sanduku la kweli, mahali pale pale. Jicho linaliona na mkono unaligusa. Nani atajua kwamba yuko hotelini?"

Dokta Farkhanda akageuka akamwita Profesa Kang wa Seoul, mzee mpole aliyekuwa anakunywa chai pembeni, akamweleza. Profesa Kang akaweka kikombe chini, akasema kwamba kuunganisha kitu pepe na kitu halisi ndio utafiti mpya kabisa, na kwamba kwa njia hiyo uwepo ungeongezeka.

"Uwepo utaongezeka sana," alikubali Wasaya, ambaye hakujua uwepo ni nini ila alitaka uongezeke.

"Na pesa zitakazoingia?" aliuliza Dokta Farkhanda. "Sitaki maneno baadaye."

"Ni za kuba. Nitazipeleka mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

Akaionyesha mikono. Ilikuwa misafi, haina hata sugu moja, na Dokta Farkhanda aliiamini.

Kesho yake mlango wa jikoni wa Gulnar, ule wa kupitishia vitunguu, ukageuka lango la ziara. Walianza wapishi wenyewe. Wakafuata wake zao, mama wakwe zao, madereva wa riksho, wauza maembe na walinzi wa benki ya jirani pamoja na bunduki zao. Wasaya aliwapokea kama mtunzaji wa ziara, kwa sauti nyembamba ya mtu mwenye mafua, kilemba cha kijani, wanja machoni na ndevu alizokodi kwa waigizaji wa harusi. Sanduku lilikuwa la bati, limepakwa kijani, lina kufuli, na limekaa pale pale noti ya meneja ilipoangukia.

"Viatu huku, akina mama! Mwenye udhu mbele, asiye na udhu bomba liko jikoni! Usisukume, bibi, Pir haendi popote!"

Na hapa niweke utani kando. Watu walilia. Bibi mmoja alishika hewa kwa mikono miwili, mahali ambapo ndani ya miwani palikuwa na nguzo ya mlango, akaibusu ile hewa na kuipangusa kwa mtandio wake, akasema, "Nilidhani nitakufa kabla hawajafungua." Dokta Farkhanda alikuwa ametengeneza kitu kizuri, tena kizuri sana. Hata Wasaya aliangalia pembeni. Aliangalia sandukuni, lakini ni pembeni.

Meza nyingine zikadorora. Bwana mmoja wa Samarkandi aliyekuja na ini pepe la kufundishia madaktari upasuaji alishinda peke yake na ini lake. Jioni alipanga foleni ya Pir Chambeli kama watu wengine, akavua viatu, akatoa.

Kisha likatokea jambo lililomfanya Wasaya ajione ana kipaji kuliko alivyodhani. Mama mmoja, akiwa ndani ya miwani na noti mkononi, aliuliza kwa sauti, "Pir Sain, mwanangu atafaulu mtihani?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Wasaya akaona kwa macho yake ile noti ikianza kurudi mfukoni. Hakuweza kuvumilia unyama huo. Akaziba mdomo kwa ncha ya kilemba, kama ilivyo adabu mbele ya kaburi, akasogea nyuma ya sikio la yule mama, akatoa sauti nzito kutoka chini ya kitovu.

"Atafaulu, binti. Lakini asome."

Mama alipiga yowe la furaha, akatumbukiza noti ile, na nyingine, na pete ya fedha.

Profesa Kang alikuja mbio. "Daktari, inaongea! Hiyo ni akili bandia?"

Dokta Farkhanda alijua kabisa kwamba hakuweka sauti yoyote. Akafikiri labda ni wanafunzi wake. Lakini hakuwa tayari kukiri mbele ya Seoul kwamba haijui mashine yake mwenyewe.

"Ni toleo la majaribio," alisema.

Profesa Kang naye hakuona spika yoyote mahali popote, ila hakuwa tayari kukiri kwamba kuna teknolojia asiyoijua.

"Nilidhani hivyo," alisema.

Basi Pir akaanza kuongea na kila mtu. Alitabiri wajukuu, alishauri juu ya kesi za mashamba, alimkemea mlinzi mmoja aache kumpiga mkewe, na huyo mlinzi alitoka akitetemeka akaahidi mbele ya watu. Kufikia Alhamisi sanduku lilikuwa zito kiasi kwamba Wasaya alilisogeza kwa goti. Pesa za kukomboa hereni zilikuwa humo ndani, na akikadiria kwa uzito tu, zilikuwa na chenji juu yake. Alibakisha kungoja chakula cha mchana, wajumbe waelekee kwenye pilau, naye aingie mitini kwa mlango wa vitunguu.

Alikuwa ameshika kufuli tayari alipoinua macho, akamwona mkewe.

Bakhto alikuwa mbele kabisa ya foleni, viatu mkononi, mtandio wake wa manjano kichwani. Habari zilikuwa zimemfikia kisimani, bombani, kila mahali ambapo wanawake wa Multan hupeana habari: Pir Chambeli yuko Gulnar, na anajibu. Kijasho chembamba kikamtoka Wasaya chini ya ndevu za kukodi. Kukimbia hakuwezi, Dokta Farkhanda yuko hapa, Profesa Kang yuko pale, foleni imejaa mpaka jikoni. Akainamisha kilemba, akamwelekeza kwa kidole bila kusema neno. Dokta Farkhanda akamvalisha miwani.

Alipanga kukaa kimya. Jambo jepesi kama hilo.

"Pir Sain," alianza Bakhto, "mimi ni Bakhtawar binti Ghulam Haidar. Nimekuja kwa ajili ya hereni zangu. Mume wangu alizichukua akasema ziko kwa Haji Lal Din zinasuguliwa. Pir Sain, zinasuguliwa tangu kabla ya Ramadhani. Kwa kusuguliwa kote huko zitakuwa zimebaki matundu."

Foleni ikacheka.

"Jumamosi mdogo wangu anaoa. Nitasimama mbele ya mashangazi na masikio matupu. Hawataniuliza kitu. Wataniangalia, halafu wataangaliana. Unawajua mashangazi wa kwetu."

Wasaya aliwajua.

"Wala si dhahabu," akasema, na sauti yake ikashuka. "Mama alikuwa amezivaa siku aliyofariki. Nilimvua mimi mwenyewe. Sina kitu kingine chake. Niambie tu kama zipo au hazipo tena, nijue moja."

Foleni haikucheka tena. Wasaya aliona aibu. Si ile ya kukamatwa, hiyo aliizoea, bali aibu yenyewe. Na kama kawaida yake anapoona aibu, akafungua mdomo.

"Zipo, binti."

Kichwa cha Bakhto kikageuka taratibu kuelekea ilikotoka sauti, kikabaki hapo. Mwanamke aliyemsikia mtu akikoroma, akiapa na kuomba msamaha miaka yote ya ndoa yao hahitaji macho.

"Zipo?" aliuliza.

"Zipo. Wala usimdhanie vibaya mume wako. Ni mtu mwema aliye kwenye majaribu."

"Kumbe unamjua mume wangu, Pir Sain?"

"Nawajua wote wanaohangaika."

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Yuko... kazini."

"Kazi gani?"

"Kazi ya heshima. Anahudumia watu."

"Alhamdulillahi. Na asubuhi ametoka amekula nini? Maana roho inaniuma, nilikuwa bado nimelala."

"Usihuzunike. Alikula dengu za jana, kimyakimya, asikuamshe."

"Kumbe ni yeye!" alisema Bakhto. "Nami nimempiga paka."

"Subhanallah!" alipaza sauti bibi mmoja kwenye foleni. "Mpaka dengu anazijua!" Watu wakasogea mbele. Profesa Kang alikuwa ameshika kifua.

Bakhto hakutabasamu. Alishika pindo la mtandio wake kwa mikono miwili, akalikunjua mbele ya tumbo lake kama anayekwenda kupokea nafaka. Ukumbi ukatulia ghafla. Hata wapishi walitoa vichwa jikoni. Kwetu hapa hakuna mtu, mwizi wala hakimu, asiyejua maana yake. Mwanamke akishakunjua mtandio mbele ya Pir, harudishwi mtupu. Haijawahi kutokea tangu Pir azikwe, na wazee wanasema Pir akimrudisha mmoja tu, njiwa watahama.

"Pir Sain," alisema Bakhto, "sijawahi kukuomba kitu maishani. Leo nikiomba, utanikatalia?"

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza jibu.

"Aliyekunjua mtandio simkatalii."

"Basi naomba hili sanduku."

Wasaya akaruka mbele kwa sauti yake ya mtunzaji, ile nyembamba ya mafua. "Mama, mama, sikiliza, hili sanduku ni la kuba, haliruhusiwi..."

"Nyamaza wewe mfagiaji!" yule bibi alifoka. "Amekuomba wewe? Amemwomba Pir. Mwache Pir ajibu mwenyewe!"

"Ajibu!" foleni ikaitikia.

"Ajibu," alinong'ona Dokta Farkhanda pia, mikono ikiwa imebana kompyuta. Katika maisha yake yote ya utafiti hakuwahi kuona uwepo wa namna hii.

Mtandio ulikuwa bado umekunjuliwa. Bakhto akauachia mkono mmoja, akaupeleka polepole kwenye mkanda wa miwani.

"Pir Sain," alisema kwa upole kabisa, "ningoje jibu, au nivue nikutazame?"

Wasaya akautazama mlango. Akaitazama foleni, watu wazima wenye imani yao, ambao viatu vyao vilikuwa mkononi tayari na kila kimoja kina kisigino. Akalitazama sanduku. Halafu akamtazama mkewe, amesimama peku kwenye zulia la hoteli, masikio yake hayana kitu. Sijui ni lipi kati ya hayo lililomshinda. Yeye husema ni la mwisho, lakini yeye ni mtu wa kusema.

"Chukua, binti," alisema Pir.

"Lote?"

"Lote."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo..." Sauti ya Pir ilikwama kidogo. "Mtunzaji atakupa."

Mtunzaji akampa. Watu wakalia, wakakumbatiana, mtu mmoja akaanza kuimba sifa. Na katikati ya kelele hizo Wasaya, ambaye hata akizama huacha mkono mmoja juu ya maji ukiuza kitu, akajaribu kuokoa kilichobaki.

"Lakini binti, sharti moja! Mume wako umsamehe."

"Nitamsamehe, Pir Sain," alisema Bakhto. "Maadamu umesema wewe."

Akavua miwani macho yakiwa chini, akamrudishia Dokta Farkhanda kwa shukrani nyingi, akalibeba sanduku kiunoni kama mtungi, akapita mbele ya mtunzaji bila kumtupia jicho. Wanawake walimfuata mpaka nje wakigusa pindo la mtandio wake.

Jioni ile Dokta Farkhanda alisoma matokeo yake, na ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Alieleza kwa unyenyekevu kwamba mshiriki mmoja aliiamini ziara pepe kiasi cha kuondoka na sanduku. Vienna waliomba washirikiane katika kazi hiyo mwakani. Kisha akamwita jukwaani mtunzaji wa ziara, akamvisha shali begani, akampa cheti cha ushiriki chenye muhuri na kopo la halwa, wakapigwa picha pamoja na Profesa Kang. Wasaya alitabasamu kwenye picha zote. Ndevu zilikuwa zimehama kidogo upande wa kushoto, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Siku ya Ijumaa nyumbani hapakusemwa kitu. Bakhto alitoka, akarudi, akapika. Wasaya alikula kilichopikwa na kusifu chumvi. Kitanda chake alikikuta kimewekwa barazani pamoja na paka.

Jumamosi ngoma za harusi zilianza mapema. Uani kwa Ghulam Haidar kulikuwa na mashangazi mstari mzima, na Bakhto alipita mbele yao taratibu, bila haraka yoyote, kichwa kikigeuka huku na huku zaidi ya ilivyohitajika. Hereni za mama yake zilikuwa masikioni, zinayumba. Mashangazi waliangalia, halafu hawakuwa na sababu ya kuangaliana. Wasaya alimwona kutoka upande wa wanaume, akafuta jicho, na safari hii lilikuwa na kitu. Alichota sahani ya wali mtamu wa zafarani, wenye lozi juu, akamngojea karibu na bomba la maji.

"Mama Nimra, umependeza."

"Asante, Baba Nimra."

"Hereni zimetoka vizuri."

"Zimesuguliwa."

"Haji Lal Din ni fundi kweli."

"Fundi sana. Amekusalimu. Anauliza kama bado una zile sarafu za wafalme, anataka kuzibia bomba."

Wasaya alikohoa. "Na... hivi, hakukubakia kitu? Baada ya kusuguliwa?"

"Kilibaki. Nimewapelekea mafundi wa ziara. Nilimsikia mfagiaji mmoja pale Gulnar akisema ni za kuba, nikaona mtu mwenye ndevu zile hawezi kusema uongo."

Wasaya aliangalia sahani yake. Kisha akainua uso, akavaa ule utulivu wake wa kumtoa nyoka pangoni.

"Mama Nimra, jana nimeota. Pir Chambeli alinijia kwa nuru. Akaniambia, Wasaya, nimeongea na mkeo, nimemwamuru akusamehe."

Bakhto alimtazama kwa muda, hereni zikitulia mashavuni. Akachukua sahani mikononi mwake.

"Ndoto ya kweli hiyo," alisema. "Aliniamuru, na neno la Pir silivunji. Nitakusamehe."

Akaokota lozi moja, akaila.

"Hakusema lini."